Kutumia klipa kwenye ngoma za Bagamoyo bila kuua mpigo

Ukirekodi kikundi cha mdundiko hapa Bagamoyo, utakutana na jambo hili: chapuo, ile ngoma ndogo, kikipigwa kwa nguvu mita inagusa 0 dB, kikomo cha juu cha rekodi ya dijitali, lakini wimbo ukiusikiliza kwenye simu unatoka mdogo. Ukipandisha sauti, mita inawaka nyekundu. Ukishusha, waitikiaji hawasikiki. Kinachosumbua ni ile ncha ya pigo, ambayo hudumu milisekunde chache tu. Sikio halioni kama ncha hiyo ni ukubwa wa sauti, ila kompyuta inaihesabu, na ndiyo inayokula nafasi yote ya juu.

Klipa, programu ya kukata ncha hizo, ni randa: inaondoa kilichochomoza na kuacha ubao ulivyo. Limita, nayo ya kuzuia sauti isivuke kikomo, hufanya kazi kwa njia nyingine. Yenyewe hushusha sauti yote kwa muda, kisha huirudisha, na ikizidiwa utasikia waitikiaji wanazama kila vumi, ngoma ya sauti nzito, linapolia. Klipa haina kushusha wala kurudisha. Gharama yake ni kwamba kila inachokata kinazaa masafa mapya ya juu, ambayo yakizidi ndiyo ule mkwaruzo. Kwenye pigo fupi mkwaruzo unamezwa na pigo lenyewe. Kwenye sauti ya kuvuta hauna pa kujificha.

Hatua ya 1: Rekodi ukiwa na nafasi

Upepo wa bahari hulegeza ngozi, kwa hiyo wapigaji huziotesha ngoma moto ili zikaze. Pima maiki baada ya ngoma kuota, si kabla, maana ngozi ikikaza pigo linakuwa kali zaidi. Vilele vikae karibu na -6 dB. Sauti iliyopasuka tangu kwenye maiki, hakuna klipa itakayoiponya.

Hatua ya 2: Chagua plagini na uiweke mahali pake

Wengi wetu tunatumia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, na humo plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani yake) ya klipa iitwayo Fruity Soft Clipper imo tayari. Kama unataka kuona wimbi linavyokatwa, pakua Free Clip ya Venn Audio, ni ya bure. Iweke mwisho wa mnyororo kwenye treki ya ngoma, baada ya ikwalaiza (ya kurekebisha besi na masafa ya juu) na kompresa (ya kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo). Kwenye miksa ya FL Studio plagini hukaa kabla ya fada, kile kitelezi cha sauti, kwa hiyo ukishusha fada ukataji haubadiliki. Ukigusa kompresa iliyo kabla ya klipa, ukataji umebadilika, rudi upime upya.

Hatua ya 3: Shusha kizingiti

Hapa usiharakishe. Tafuta sehemu ambayo ngoma zote zimeingia, msondo, vumi na chapuo, na wapigaji wamepandisha moto. Izungushe sehemu hiyo irudierudie. Shusha kizingiti, yaani kiwango ambacho klipa hukatia, polepole mpaka usikie pigo limebadilika, kisha kirudishe juu kidogo, pale tu mabadiliko yanapopotea. Kwa chapuo mara nyingi utajikuta umekata desibeli 2 hadi 4. Vumi huwa linavumilia kidogo zaidi, lakini likianza kutoa sauti ya kadibodi, umezidisha.

Kata kali, inayokata wimbi palepale kwenye kizingiti, inafaa ngoma kavu zenye pigo fupi. Kata laini, ambayo huanza kukunja wimbi kabla halijafika kwenye kizingiti, inafaa besi na makofi. Filimbi, zeze na sauti ya mwimbaji kiongozi usiziguse kwa klipa. Hizo zinahitaji kompresa na mkono wa fada.

Hatua ya 4: Linganisha kwa ukubwa mmoja

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoharibu miksi nyingi. Chenye sauti kubwa hudanganya sikio kuwa ni kizuri. Ukiongeza desibeli 3 baada ya kukata, punguza desibeli 3 wakati wa kulinganisha, halafu izime na kuiwasha klipa ukiwa umefumba macho. Kama unasikia tofauti na huipendi, punguza.

Plagini nyingine zina kitufe cha kusikiliza kilichokatwa peke yake. Kitumie. Unatakiwa usikie vitiki vifupi, tik, tik, penye mapigo tu. Ukisikia mlio wa ngoma yenyewe, au sauti ya mtu iliyovuja kwenye maiki, umeingia kwenye nyama.

Kisha mwite mpigaji asikilize. Muulize tu, "Mzee, ngoma yako ndivyo inavyolia?" Akikwambia imelala, rudi hatua ya 3. Yeye anaijua ngozi yake kuliko mita yoyote.

Hatua ya 5: Zidisha sampuli

Njuga na kayamba zina masafa ya juu mno. Faili ya 44,100 Hz haibebi masafa yanayozidi 22,050 Hz, na yale mapya yanayozaliwa na klipa yakivuka hapo hujikunja na kurudi chini yakiwa milio isiyopatana na muziki. Kwa hiyo washa kuzidisha sampuli (oversampling), yaani klipa ifanye kazi kwa sampuli nyingi zaidi kwa sekunde, mara 4 au 8. Kama kompyuta inakwama, zima wakati wa kazi na uwashe unapotoa faili, ila sikiliza tena kile kilichotoka.

Hatua ya 6: Kwenye masta, kidogo tu

Ukishakata kila ngoma kwenye treki yake, masta, yaani treki ya mwisho inayobeba wimbo mzima, haihitaji zaidi ya desibeli 1 ya klipa, halafu limita yenye dari la -1 dB la kilele halisi (true peak). Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo ukiubana wimbo ufike -6 watakushushia tu, na mpigo umeshakufa. Redio ya bajaji na flashi ya DJ wa harusi hazisawazishi chochote. Ukilenga huko unaweza kupanda kufika -9 au hivi, mradi chapuo bado kinachoma.

Toa WAV ya biti 24, na uhifadhi nakala nyingine ambayo masta yake haina klipa wala limita. Kama wimbo utamastiwa na mtu mwingine, mpe hiyo.