Jinsi ya kuratibu mawasiliano na uchechemuzi (kuwashawishi wenye maamuzi) wa mashirika mengi: mfano wa kampeni ya lishe mkoani Tanga

Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, kuanzia Jiji lenyewe na Mkinga mpakani hadi Bumbuli na Kilindi. Mashirika matano yakiingia humo na ajenda ileile ya lishe, kila moja na bango lake, mama mmoja wa Muheza anaweza kupewa ndani ya mwezi mmoja maelekezo matano yanayopishana kuhusu uji wa mwanawe. Hakuna aliyekusudia. Kila shirika liliandika ujumbe ofisini kwake, likauidhinisha kwa wakubwa wake, likachapa.

Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulianza kujaribu utaratibu wa mashirika yake kufanya kazi kama chombo kimoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za majaribio. Lakini mpango uliokubaliwa Dar es Salaam haushuki wenyewe hadi Lushoto. Huko mkoani lazima mtu auratibu, na kazi hiyo ngumu si kuandika ujumbe. Ngumu ni kukubaliana mapema nani anaidhinisha na mlango wa maoni unafungwa lini.

Kikundi kazi na kiti chake

Mwenyekiti awe wa serikali. Kwa lishe, kiti kikae ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa, na Afisa Lishe wa Mkoa awe mtendaji wa kila siku. Msiunde kamati mpya ikiwa ya mkoa ya lishe ipo. Ombeni kuwa kikundi kazi chake cha mawasiliano. Mkiunda yenu pembeni, Afisa Lishe yuleyule ataitwa vikao viwili kwa jambo moja, naye atakwenda kwenye kile chenye posho.

Ukatibu uchukuliwe na shirika moja kwa mwaka mzima. Kuuzungusha kila kikao kunaonekana haki, lakini kumbukumbu hupotea na kila katibu mpya huanza na grupu jipya la WhatsApp. Kila shirika litoe mtu mmoja na mbadala wake, wote wawili wakiwa na mamlaka ya kusema ndiyo au hapana kwa niaba ya ofisi. Anayekuja "kuchukua taarifa apeleke" ni mgeni mwalikwa, hahesabiki katika uamuzi. Wakati wa maandalizi kikao kimoja cha saa moja kwa mwezi kinatosha; kampeni ikiwa hewani, nusu saa kila wiki kwa simu.

Wekeni makubaliano katika kurasa mbili: lengo, wanachama, nani msemaji, nani analipa nini, muda wa kuidhinisha na namna ya kujitoa. Asasi za ndani zinazoshiriki ziwe na usajili halali chini ya Sheria ya NGO ya 2002, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri apewe taarifa kabla ya kazi kuanza, si baada ya kukuta gari lenu la matangazo barabarani.

Karatasi ya ujumbe

Kabla ya bango, kabla ya fulana, andikeni ukurasa mmoja. Juu kabisa: mnamtaka nani afanye nini. Kisha ujumbe usiozidi mitatu, takwimu zilizokubaliwa, maneno ya kuepuka, na majibu ya maswali matano magumu ambayo mwandishi wa habari au diwani atauliza.

Uandikeni kwa Kiswahili kwanza, halafu mtafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya makao makuu. Wengi hufanya kinyume, na matokeo yake ni mabango yenye sentensi ambazo mtu wa Pongwe anazisoma mara mbili na bado haoni aambiwalo. Jaribuni rasimu kwa akina mama 8 hadi 10 kwenye foleni ya kliniki. Msiwaulize kama wameelewa, maana kwa heshima watasema ndiyo. Waombeni waeleze kwa maneno yao watakachofanya wakifika nyumbani. Watatu wakieleza jambo lingine, rasimu irudi mezani.

Takwimu ndizo zinazogombanisha. Chukueni udumavu wa watoto kitaifa, yaani watoto walio wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulitoa asilimia 34, utafiti wa lishe wa 2018 ukatoa 31.8, na ule wa afya wa 2022 ukatoa 30. Zote ni sahihi kwa mwaka wake. Shirika moja likitumia ya zamani kwa sababu ndiyo iliyo kwenye andiko lake la mradi, na jirani yake akatumia mpya, gazeti litauliza nani muongo. Chagueni moja, iandikeni pamoja na mwaka na chanzo, na asiyekubali aseme kwenye kikao hicho. Idadi ya watu nayo ni hivyo hivyo: sensa ya 2012 iliupa mkoa watu milioni 2.04, ya 2022 zaidi ya milioni 2.6. Asilimia mpya ikizidishwa na idadi ya zamani huzaa namba ambayo haimo katika ripoti yoyote.

Usahihi wa kitaalamu unakaguliwa neno kwa neno. Mfano ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto, unaofanyika Juni na Desemba. Tangazo likisema "watoto wote chini ya miaka mitano wapewe matone ya vitamini A", limekosea. Matone ni kwa wa miezi 6 hadi 59: wa miezi 6 hadi 11 hupewa matone ya kidonge cha bluu, wa miezi 12 hadi 59 ya chekundu chenye dozi mara mbili. Dawa ya minyoo huanzia miezi 12. Mama aliyebeba kichanga wa miezi mitatu kutoka Kigombe hadi zahanati akarudishwa, safari ijayo haji. Kwa mambo haya mwamuzi ni Afisa Lishe akiwa na miongozo ya Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, hata kama makao makuu ya shirika fulani yana maneno matamu zaidi.

Kuidhinisha bila kukwama

Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa ndipo panapoonekana. Gawanyeni haki ya kusahihisha. Afisa Lishe anasahihisha ukweli wa kitaalamu. Maafisa mawasiliano wanasahihisha nembo na jina la shirika lao. Mhariri mmoja, aliyetajwa jina, anashika lugha. Mkuu wa shirika anasema ndiyo au hapana, habadilishi koma. Bila mgawanyo huu rasimu itarudi na rangi sita za marekebisho, matatu kati ya hayo yakifuta mengine matatu.

Muda uwe huu: siku 3 za kazi kwa chapisho la mtandaoni, siku 5 kwa kitu cha kuchapwa, saa 2 kwa dharura. Muda ukipita, ukimya ni ridhaa. Kanuni hiyo isainiwe na wakuu wenyewe mapema, la sivyo itavunjwa na mkubwa wa kwanza aliyekuwa safarini. Faili liwe moja, mahali pamoja, na jina lake libebe tarehe. "Bango la mwisho kabisa" ni jina la faili linaloahidi uongo.

Nembo

Hapa panaliwa muda kuliko panavyostahili. Serikali itangulie, wengine wafuate katika mstari mmoja, kimo sawa, kwa alfabeti. Wakizidi sita, andikeni "Mkoa wa Tanga na wabia" na orodha iende nyuma ya kipeperushi. Masharti mengine hayajadiliki: kazi iliyolipwa na Umoja wa Ulaya hubeba bendera yake na tamko kwamba imefadhiliwa nao, na nembo ya Umoja wa Mataifa inalindwa na azimio la Baraza Kuu la mwaka 1946. Ulizeni masharti ya kila mfadhili kabla ya kumlipa mchoraji.

Mdhamini wa kibiashara achunguzwe zaidi. Kampuni inayouza maziwa ya kopo ya watoto isipewe nafasi hata ya kugawa maji ya kunywa uwanjani. Kanuni ya kimataifa ya 1981 kuhusu biashara ya maziwa mbadala ipo, na WHO na UNICEF watajitoa siku hiyohiyo. Kuhusu fulana, maoni yetu ni kwamba zinawafurahisha waandaaji kuliko walengwa. Fedha hizo zinunue muda wa redio.

Kufika kwa watu

Tangazo la sekunde 30 libebe maneno kama 50, la dakika moja kama 100; likizidi hapo mtangazaji atakimbia na hakuna kitakachoshikika. Redio iwe kwa Kiswahili. Kidigo cha Mkinga au Kisambaa cha Lushoto kibaki vinywani mwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakiwa na karatasi ileile ya ujumbe. Redio ya jamii kama Pangani FM inafaa kwa kipindi cha maswali na majibu, na mtaalamu awe mmoja studio, si wawakilishi wanne wanaopokezana salamu.

Ratiba iulize bahari na mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na wanawake wa mwani na pweza wapo majini tangu saa mbili. Mkutano wa saa nne siku hiyo utawapata wazee wa kiume na watoto. Upangeni maji mafu, siku ambazo bahari hukupwa kidogo, au baada ya alasiri. Ramadhani shughuli ziwe fupi na za asubuhi. Machi hadi Mei, masika yakikolea, barabara za milimani Lushoto na Bumbuli si za kupangia msafara wa viongozi. Siku bora kuliko zote ni ile ambayo watu wamekuja wenyewe: siku ya afya na lishe ya kijiji, gulio, siku ya kliniki.

Picha zina mtego wake katika kazi ya pamoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai ridhaa, na ridhaa iliyotolewa kwa shirika moja si ya wote. Fomu iandikwe kwa Kiswahili, itaje kila shirika litakaloitumia picha, kwa kazi gani na hadi lini; mzazi au mlezi asaini kwa ajili ya mtoto. Mtoto mwenye utapiamlo mkali asionyeshwe uso pamoja na jina la kijiji, hata mzazi akikubali.

Uchechemuzi: fuateni kalenda ya bajeti

Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Halmashauri yenye watoto 30,000 basi inadaiwa milioni 30. Swali la kuuliza si kama zimetengwa tu, bali zimetolewa kiasi gani na zimetumika wapi. Kutenga ni mstari kwenye karatasi. Fedha hutoka makusanyo yakiruhusu, na lishe huwa ya mwisho kwenye foleni.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini Juni ni kuchelewa. Halmashauri huandaa makadirio kati ya Novemba na Februari, na Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Kwa hiyo Oktoba kaeni na Afisa Lishe kupata hesabu za mwaka uliopita. Novemba muoneni Mkurugenzi na timu yake ya menejimenti, mkiwa na ukurasa mmoja wa halmashauri yake, si ripoti ya taifa. Kabla ya Baraza la Madiwani kupitisha, wapeni madiwani wa kamati ya fedha namba ya kata zao. Msianze redioni. Mkurugenzi aliyesikia upungufu wake hewani kabla ya kuletewa mezani atajitetea mwaka mzima.

Gawaneni sauti. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana mlango wa Katibu Tawala lakini hayawezi kumbana diwani hadharani. Asasi za Tanga zinaweza kuuliza kwenye mkutano wa hadhara, maana wanachama wake ni wapiga kura na walipa ushuru. Wafadhili wa nje wakae kimya jukwaani. Na majira ya uchaguzi mgombea asipewe kipaza sauti, hata akiwa rafiki wa kampeni.

Uvumi ukizuka

Siku moja grupu la mtaa litasema matone yamedhuru watoto. Msemaji ni Mganga Mkuu pekee. Ndani ya saa 2 itoke kauli fupi: kinachojulikana, kinachochunguzwa, mzazi afanye nini, na namba 199 ya kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Mashirika mengine yanasambaza kauli hiyo bila kuongeza neno. Msirudie uvumi kama kichwa cha habari. Wasiousikia ndipo watakapousikia. Wenyeviti wa mitaa, maimamu na wachungaji wapigiwe simu mmojammoja.

Kupima na kufunga

Hesabuni ambacho kampeni iliomba: watoto waliofikishwa kupata matone kwa kila kata, shilingi zilizotolewa na halmashauri kulinganisha na mwaka uliopita. Waliosikia redio wahesabiwe mara moja katika ripoti ya pamoja. Mashirika matatu yakiripoti kila moja wasikilizaji walewale wa kipindi kilekile, kwenye karatasi Pangani itakuwa na watu mara tatu ya waliopo.

Faili za awali za mabango na sauti zikabidhiwe kwa afisa habari wa kila halmashauri, zikiwa katika umbo linaloweza kuhaririwa. USAID ilipofungwa mwaka 2025, ilionekana namna mfadhili mkubwa anavyoweza kuondoka ndani ya miezi. Picha ambazo muda wa ridhaa umekwisha zifutwe kwenye kompyuta za wote, na katibu aandike tarehe ya kufuta kwenye kumbukumbu za kikao cha mwisho.