Ruta ya laini mbili ipime intaneti yenyewe
Duka la Kigoma mjini linalotumia ruta yenye milango miwili ya intaneti, mmoja wa faiba na mwingine wa modemu ya laini ya simu, halina budi kuiwekea ruta hiyo kipimo cha kutuma pingi, yaani ujumbe mfupi wa kujaribu kama kuna jibu, kwenye anwani ya nje, kama vile 8.8.8.8 ya Google, kwa sababu taa ya mlango huweza kuwaka kijani ilhali faiba imekatika mbali huko njiani, na ruta isiyopima ikaendelea kung'ang'ania njia iliyokufa. Kugawanya mzigo, yaani kutumia laini zote mbili kwa pamoja, kinyume cha wengi wanavyodhani, hakujumlishi kasi ya upakuaji mmoja: faili moja kwa kawaida hupakuliwa kwa njia moja. Tovuti za benki, ambazo huweza kumtoa mtumiaji kwenye akaunti pale anwani yake ya intaneti inapobadilikabadilika kati ya laini hizo, ni vyema zipangiwe kupita njia moja tu.