Mtandao wa duka la stesheneri: namna ya kuupanga na kuulinda

Duka la stesheneri hutunza siri nyingi kuliko linavyoonekana kwa nje. Huyu analeta cheti cha kuzaliwa kipigwe skani, yule kitambulisho cha taifa, mwingine hukumu ya mirathi ya baba yake. Mteja akishalipa huondoka na karatasi zake, ila nakala hubaki kwenye kompyuta. Na kompyuta hiyo mara nyingi iko kwenye waifai ileile ambayo nenosiri lake limebandikwa ukutani kwa ajili ya wanaosubiri zamu.

Niliwahi kuitwa kwenye duka moja kutengeneza printa iliyokuwa haiitiki. Nilipounganisha laptopu yangu na waifai, sijagusa kitu kingine, nikaona folda iitwayo WATEJA. Niliibofya ikafunguka bila kuniuliza neno lolote. Ndani yake kulikuwa na vitambulisho vya watu wa mtaa mzima. Tangu siku hiyo sifungi printa ya mtu kabla sijaukagua mtandao wake.

Hatua hizi nimeziandika kwa duka la aina hiyo: kompyuta tatu au nne, printa ya mtandao, kamera, ruta moja na simu za wateja. Ofisi ndogo nayo inaweza kuzifuata vilevile.

Hatua ya 1: Chora kwanza

Chukua karatasi na kalamu. Katikati chora ruta, kisha kila kitu kinachoungana nayo, kwa waya au kwa waifai. Kumbuka kwamba kile kiboksi chenye antena kinafanya kazi tatu kwa pamoja. Ni swichi, inayopitisha data kati ya vifaa vya ndani; ni kituo cha waifai; na ni ruta yenyewe, yaani mlango kati ya duka lako na dunia. Ukituma kazi kwenye printa iliyo mezani, data haitoki nje ya duka hata kidogo. Ndiyo maana printa inaweza kuchapa vizuri kabisa siku ambayo bando limekwisha.

Sasa fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari (anwani yake huandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1) na utafute orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ilinganishe na mchoro wako. Kila kifaa kina anwani ya MAC, ambayo ni namba ya kadi yake ya mtandao. Simu za siku hizi hutumia MAC za kubuni ili zisifuatiliwe, kwa hiyo simu usiyoitambua isikutie hofu mara moja. Kompyuta au kamera usiyoitambua ndiyo ya kutafutwa leo, mpaka ujue iko wapi na ni ya nani.

Hatua ya 2: Gawa anwani

Anwani ya IP ni kama namba ya nyumba: bila hiyo, data haijui pa kwenda. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni bilioni 4.3 tu, hazitoshi vifaa vyote vya dunia. Kwa hiyo zilitengwa anwani za matumizi ya ndani, zikiwemo zote zinazoanza na 192.168. Duka lako lina 192.168.1.20, na duka la jirani linaweza kuwa na 192.168.1.20 yake, wala hazigongani, kwa sababu hakuna inayotoka nje. Ruta huzivua anwani hizo mlangoni na kuvivika vifaa vyako vyote anwani moja ya nje. Kazi hiyo huitwa NAT.

Anayegawa anwani za ndani ni huduma ya DHCP iliyomo kwenye ruta. Iache igawe, ila iwekee mipaka. Mimi hupanga hivi: ruta 192.168.1.1, printa 192.168.1.20, mashine ya kurekodi kamera 192.168.1.30, na DHCP igawe kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200. Printa na kamera huzipa anwani za kudumu. Printa nyingi zinazosemekana "zimekufa" ni nzima: jana zilikuwa na anwani hii, leo DHCP imezipa nyingine, na kompyuta bado inabisha hodi nyumba ya zamani.

Hatua ya 3: Waya kwa visivyohama

Kompyuta za kaunta, printa na kamera zipate waya. Waifai waachie wanaotembea. Kebo ya Cat5e au Cat6 isizidi mita 100, na usiifunge bega kwa bega na waya wa umeme. Ukikaza vichwa mwenyewe, mpangilio ninaoutumia pande zote mbili ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Hatua ya 4: Funga ruta yenyewe

Kuna nenosiri la waifai, na kuna nenosiri la kuingia kwenye mipangilio ya ruta. Wengi hubadilisha la kwanza na kulisahau la pili, likabaki admin kwa admin, yaani jina admin na nenosiri admin. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu manenosiri ya kiwandani, jozi zipatazo 60 tu, kwenye kamera na ruta. Orodha fupi kiasi hicho ilitosha kukusanya jeshi la vifaa, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti nyingi kuwa anwani. Tovuti kubwa, Twitter mojawapo, hazikufikika kwa saa kadhaa. Zile kamera zilikuwa za watu wa kawaida, za madukani na majumbani.

Kwa hiyo badilisha nenosiri la ruta na la mashine ya kamera kabla ya kitu kingine. Kisha, kwenye mipangilio ya waifai, chagua ulinzi wa aina ya WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. WEP, ulinzi wa kale zaidi, usiiguse, ilivunjwa tangu 2001. Nenosiri la waifai liwe refu. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana ni bora kuliko jina la duka na mwaka.

Zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba ya siri badala ya nenosiri, hata kama inarahisisha kuunganisha printa. Namba yake ya siri ina tarakimu nane, unadhani ni majaribio milioni 100. Lakini mwaka 2011 iligundulika kwamba ruta huikagua nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo majaribio 11,000 yanamaliza kazi. Zima pia UPnP, inayoruhusu kifaa cha ndani kufungua mlango wa nje bila kukuomba ruhusa. Mwisho, sasisha programu ya ruta.

Hatua ya 5: Watenge wageni

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu leo, fanya hii. Ruta nyingi zina sehemu iliyoandikwa Guest Network. Iwashe, ipe jina na nenosiri lake, na hakikisha umezima ruhusa ya wageni kufikia mtandao wa ndani. Nenosiri la ukutani liwe la wageni peke yake. La duka lijulikane na wafanyakazi, na mfanyakazi akiondoka libadilishwe siku hiyohiyo, hata kama mmeachana vizuri.

Usiamini tu kwamba imekubali. Jiunge na waifai ya wageni kwa simu yako, kisha andika kwenye kivinjari 192.168.1.20. Ukurasa wa printa ukifunguka, utengano haupo.

Kama ruta yako haina sehemu hiyo, nunua ya pili ya bei nafuu, ila hapa ndipo mafundi wengi wanakosea. Wanaichomeka ya pili nyuma ya ile ya kwanza na kuwapa wageni. Hapo mgeni wa ruta ya pili, akielekea intaneti, anapita ndani ya mtandao wa duka, na anaweza kufika kwenye kila kilichomo. Geuza: wageni wabaki kwenye ruta ya kwanza, duka likae nyuma ya ruta ya pili. Waya utoke kwenye swichi ya ruta ya kwanza uingie kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta ya pili. Ruta ya pili ipe 192.168.2.1, na zile anwani za Hatua ya 2 zote zihamie 192.168.2. NAT ya ruta ya pili itakataa hodi zinazotoka kwa wageni.

Wateja watalalamika kwamba hawawezi tena kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Wape anwani ya barua pepe ya duka watume huko. Ni usumbufu kidogo, lakini printa hukumbuka kazi zilizopita kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 6: Folda ya skani

Ondoa ruhusa ya "Everyone" (yaani mtu yeyote) kwenye kila folda inayoshirikishwa. Tengeneza akaunti yenye nenosiri kwa kila mfanyakazi, na folda ifunguke kwa akaunti hizo tu. Kushirikisha mafaili kwenye Windows hupitia mlango wa mtandao (port) namba 445. Mlango huo ndio programu hasidi ya WannaCry ilioingilia tarehe 12 Mei 2017, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tangu Machi. Kwa hiyo masasisho ya Windows usiyaahirishe wiki baada ya wiki kwa kuogopa bando.

Na nakala za wateja zifutwe kila jioni baada ya kufunga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Hata bila sheria, kitambulisho cha mtu si mali ya duka.

Hatua ya 7: Mtandao ukikata, panda ngazi

Fungua dirisha la amri (Command Prompt kwenye Windows) na uandike ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuipa: kagua waya au DHCP. Ukiwa na anwani nzuri, andika ping 192.168.1.1, au anwani ya ruta yako. Isipojibu, tatizo limo humo dukani. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje ya duka. Isipojibu hiyo, shida iko nje ya mlango, mpigie mtoa huduma. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, jaribu nslookup pamoja na jina la tovuti. Ikishindwa, tatizo ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki. Ruta za watu zilikuwa zikijibu ping bila shida. Lakini kwenye duka moja nilikuta kijana wa kaunta ameshabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma, akakishikilia sekunde kumi, ruta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani: admin kwa admin, WPS imewaka, wageni na duka chumba kimoja. Nilitumia saa mbili kurudisha kila kitu.

Kwa hiyo ukimaliza hatua hizi, ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi mipangilio, ishushe kwenye flashi. Flashi hiyo iweke kwenye bahasha pamoja na ule mchoro wa Hatua ya 1, uifungie kwenye droo ya pesa. Juu ya bahasha andika hizo amri za ping kwa mpangilio wake, ili kijana wa kaunta aanze nazo kabla ya kugusa kitufe.