Oili sinthetiki: geuza dumu usome nyuma

Ukiingia duka lolote la spea hapa Malindi utasikia mtu anauliza tu "fuli sinthetiki ipo?", akishaonyeshwa dumu analipa anaenda zake, na hayo maandishi ya mbele ndo yanakwambia kidogo kuliko yote. Ujerumani huwezi kuyaandika ila oili iwe imetengenezwa kwa PAO au esta, yani mafuta yaliyoundwa kiwandani kwa kemikali, lakini Marekani tangu ule mvutano wa Castrol na Mobil wa 1999 hata oili ya grupu 3, yani mafuta ya kawaida yaliyosafishwa sana, inaitwa sinthetiki na ni halali. Si mbaya, ila usilipie bei ya PAO.

Sa geuza dumu. Kwanza jua gari lako linatoka wapi. Probox, Noah, Vitz na ndugu zao wa Japani tafuta API SP au SN, hivyo ni viwango vya Marekani vya oili. Gari la Ulaya, zile Golf na Mercedes unazoziona mjini, tafuta ACEA, viwango vya Ulaya: A3/B4 kama halina DPF, ile filta ya kunasa masizi kwenye ekzosi, C3 kama inayo, manake C3 ina majivu machache hayazibi filta. Na kitabu cha gari kikitaja VW 504 00 au MB 229.51, yani viwango vya Volkswagen na Mercedes wenyewe, hizo namba ziwe zimeandikwa kwenye dumu, usikubali kuambiwa "ni kitu kimoja tu".

Si kitu kimoja. Chukua dumu mbili zote 5W-30, moja ya API tu nyingine ya C3. Kuna kipimo kinaitwa HTHS, kinapima oili inavyobaki nzito ikiwa kwenye 150°C na imebanwa katikati ya vyuma, ya kwanza inaruhusiwa kushuka mpaka 2.9, ya C3 lazima ianzie 3.5. Namba za mbele ni zilezile lakini ulinzi ni tofauti.

Alafu kuna mafundi wanasema joto la huku pwani weka 20W-50 kila gari. Aa wapi. Ile namba ya kabla ya W ni ya baridi tu, na injini ikishapata moto themostati inaishikilia palepale, uwe Malindi uwe Tokyo. Injini ya VVT-i, ile ya Toyota inayobadilisha muda wa vali kwa nguvu ya oili, ina vijia vyembamba, oili nzito inachelewa kufika. Kama 0W-20, ile nyepesi sana, inakutia wasiwasi angalia jedwali la kitabu, likiruhusu 5W-30 weka hiyo, mi ndo naipendelea kwa gari lililotembea sana.

Dizeli ndogo ya Kijapani yenye DPF, tafuta JASO DL-1, kiwango cha Japani, basi.

Boda ndo msichezee kabisa. Klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, kwa hivyo dumu liandikwe JASO MA au MA2. Ukitia ile ya gari ya kupunguza msuguano klachi inateleza, pikipiki inanguruma haiendi, na utabadilisha pleti za klachi bure.