Kidonge usichokijua: namna ya kukitambua kabla ya kukimeza

Mara kwa mara mtu hufika dirishani kwetu famasi, akafungua kitambaa na kunionyesha vidonge vyeupe: "Hivi ni vya nini?" Kwa macho tu siwezi kumjibu, na hata wewe usikubali jibu la macho, liwe langu au la jirani.

1. Kiweke pembeni kwanza. Parasetamo ni nyeupe, na dawa nyingine nyingi ni nyeupe vilevile. Glibenklamidi, ya kushusha sukari, ikimezwa na asiye na kisukari kwa kudhani ni ya kichwa, inaweza kumpotezea fahamu.

2. Soma jina la chini. Maandishi makubwa kwenye boksi ni jina la biashara. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna dawa yenyewe na miligramu zake. Nilishamhudumia mama mwenye mzio wa salfa. Fansidar, dawa ya malaria yenye salfa, alikuwa haigusi kabisa, lakini kwenye pochi alibeba Septrin ya kifua. Tukasoma pamoja: sulfamethoxazole na trimethoprim. Hiyo ya kwanza ni salfa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Iliniuma sana.

Vivyo hivyo Tylenol uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani: "acetaminophen" iliyoandikwa pale ni parasetamo ileile ya Panadol. Ukizimeza zote mbili umezidisha dozi, na ini ndilo linaloumia.

3. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Mara nyingi hugongwa pembeni mwa pakiti, kwa hiyo ukikatiwa vidonge vichache zinabaki dukani. Omba uone boksi, upige picha.

4. Kidonge kisicho na pakiti usikitafute kwenye simu. Marekani sheria inataka vidonge viwe na alama ya utambulisho, ndiyo maana tovuti za huko hukitambua kwa herufi na namba zilizochongwa juu yake. Vingi vya kwetu vina mstari wa kukatia tu. Utapata jina linalofanana, na huenda siyo dawa uliyoshika.

5. Kilete kwa mfamasia, pamoja na bahasha yake na kadi ya kliniki. Taja mzio, ujauzito, kunyonyesha, na kila dawa unayotumia, hata ya mitishamba. Bahasha iliyoandikwa "1x3" peke yake inakwambia umeze kimoja mara tatu kwa siku, haikwambii unameza nini. Irudishe ulikopewa, waandike jina la dawa, nguvu yake na jina lako. Ni haki yako, usione aibu kuwasumbua.

Kama kimeshamezwa, usijitapishe. Wahi kituo cha afya na vilivyobaki mkononi.

Vikikosa jina kabisa, tuachie famasi tuviteketeze kwa utaratibu. Usivirudishe kabatini, maana mtoto au bibi atavikuta.