Somo: Ofa ya mshahara mkubwa imekuja, na kazi uliyonayo unaipenda. Piga hesabu hii kabla ya kusaini

Wakuu, habari za kazi. Mtu anayetaka kuhama kazi huwa na vitu viwili: namba iliyoandikwa kwenye ofa, na moyo unaosema "lakini hapa nimezoea". Vitu hivi havikai kwenye mzani mmoja, ndiyo maana mtu anaumiza kichwa wiki nzima, mwisho anafuata namba kwa sababu namba inasomeka. Somo hili ni la kuvishusha vyote mpaka kwenye mwezi wako wa kawaida. Natumia makato na sheria za Tanzania Bara, sekta binafsi, maana kuandaa mishahara ndiyo kazi yangu.

Hatua ya 1: Shusha ofa mpaka ifike mkononi

Tuseme unalipwa 900,000 na ofa ni 1,200,000. Masikioni hiyo ni nyongeza ya laki tatu.

Kwa 900,000, NSSF yako (mchango wa hifadhi ya jamii) ya asilimia 10 ni 90,000. Inabaki 810,000, na hiyo ndiyo inayotozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara: 68,000 kwa ile 760,000 ya mwanzo, ukiongeza asilimia 25 ya kile kilichozidi hapo, jumla 80,500. Mkononi unapata 729,500.

Kwa 1,200,000, NSSF ni 120,000. Inabaki 1,080,000, na sasa umevuka milioni, kwa hiyo kilichozidi milioni kinakatwa asilimia 30. PAYE inakuwa 152,000. Mkononi 928,000.

Laki tatu imeshakuwa 198,500. Na kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi: sasa unakatwa 135,000, kule utakatwa 180,000. Nyongeza halisi inashuka hadi 153,500. Najua, ile 45,000 ya Bodi haijapotea, inapunguza deni. Na NSSF ni akiba yako, tena mwajiri naye anaongeza upande wake. Lakini hizo huwezi kwenda nazo sokoni Jumamosi.

Hatua ya 2: Toa nauli, chakula na saa

Hapa ndipo wengi wanaliwa. Endelea na mfano uleule: unaishi Goba, Dar es Salaam, kazi ya sasa iko Mbezi Beach na ofisi inatoa chakula cha mchana. Ofa mpya iko Kurasini. Nauli inaongezeka 2,000 kwa siku, na kwa mama lishe unaacha 3,000. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni 110,000. Ile 153,500 imebaki 43,500.

Halafu foleni. Ukiongeza saa mbili tu kwa siku, ni saa 44 kwa mwezi. Umeuza saa 44 kwa 43,500, yaani chini ya buku (elfu moja) kwa saa. Kuna mtu atakubali hivyo kwa sababu kule kuna ngazi ya kupanda, na hajakosea. Ila ajue anachonunua ni ngazi, siyo mshahara.

Uliza pia bima ya afya inabeba wategemezi wangapi, na Jumamosi mnafanya kazi au la. Kisheria wiki ya kawaida haizidi saa 45. Zaidi ya hapo ni ovataimu, mara moja na nusu ya malipo ya saa. Waulize kama huwa wanailipa, kisha angalia nani anamtazama nani.

Hatua ya 3: Vunja "naipenda kazi yangu" vipande vipande

Kwa wiki mbili, kila jioni andika mstari mmoja: leo nini kimenifurahisha, nini kimenichosha. Usipambe. Kisha gawa ulichoandika. Kuna furaha inayotokana na fani yenyewe: kufundisha, kutengeneza, kuuza na kufunga dili. Hiyo utahama nayo. Kuna inayotokana na mahali: wenzako, kutoka saa kumi ukamchukua mtoto. Na kuna inayotokana na bosi mmoja mwelewa.

Hiyo ya tatu ndiyo ya kuiangalia kwa makini. Kama raha yako yote kazini imemtegemea mtu mmoja, siku akihamishwa umebaki na mshahara mdogo peke yake. Nimeona ofisi ikibadilika ndani ya robo mwaka kwa sababu ya mabadiliko ya meneja.

Neno kwa wale ambao tarehe 15 tayari wanakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Kwako fedha ndiyo inakuja kwanza. Ukiwa unadaiwa kila kona, hata kazi nzuri huionji. Hama, mradi Hatua ya 1 na ya 2 zimekuachia kitu cha maana.

Hatua ya 4: Chunguza huko uendako

Uliza nafasi imeachwa na nani na kwa nini. Mtafute aliyeondoka. Zungumza na madereva na walinzi, hao wanajua mshahara ukichelewa. Mtu wa ndani akuambie kama michango yake ya NSSF inaonekana inaingia, maana wapo waajiri wanaokata wasiipeleke.

Kumbuka pia kwamba ukiwa na chini ya miezi sita kazini, huna ule ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Unaacha kazi ya miaka, unaanza upya kuihesabu hiyo miezi.

Hatua ya 5: Weka kiwango chako kabla ya kukaa nao

Andika: "Chini ya kiasi hiki mkononi, sihami." Ukiingia bila namba yako, utatoka na yao.

Hatua ya 6: Ukiamua, toka vizuri

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28. Soma mkataba kama imezidi. Dai malipo ya likizo uliyobakiza na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha kisheria, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka hadi miaka 10, hulipwa mwajiri akikuachisha. Ukiacha mwenyewe, usikihesabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, nina mimba ya miezi minne na ofa ni nono. Nihame?

Jibu: Hongera dada. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Tatizo, aliye na chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Ukianza mwezi ujao utajifungua ukiwa na miezi minne tu pale. Waombe waandike kwenye mkataba kwamba watakulipa, au uanze baada ya uzazi. Wakikataa yote mawili, baki ulipo.

Swali: Mkuu, niko serikalini. Mradi wa wafadhili unanipa mara mbili ya ninacholipwa.

Jibu: Uliza mkataba ni wa muda gani na fedha za nani. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, waliokuwa kwenye miradi yake waliona kazi zikiisha ghafla. Jua pia umechangia miezi mingapi kwenye mfuko wa pensheni. Pensheni inataka 180. Aliyebakiza miaka miwili asiifanyie mzaha.

Swali: Bosi kasikia, anasema ataniongeza nibaki.

Jibu: Kwa barua, yenye tarehe ya kuanza. Na jiulize kilichokuwa kinakuchosha kwenye Hatua ya 3 kama barua hiyo inakigusa.

Swali: Mimi niko Nairobi, hesabu hii inanifaa?

Jibu: Mpangilio ndiyo, viwango hapana. Huko weka SHIF (mchango wa bima ya afya) asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5 za mshahara wote, pamoja na NSSF na PAYE ya Kenya.

Swali: Nina mkopo wa mshahara benki, na mwingine wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya ofisi.

Jibu: Madeni yanakufuata, mkuu. Nenda benki kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, uulize kama mwajiri mpya ana makubaliano nao ya kukata mshahara. SACCOS nayo inaweza kukudai salio lote ukitoka. Soma masharti yake, ona hisa na akiba zako zinafidia kiasi gani. Kitakachobaki kiingize kwenye Hatua ya 2, halafu rudi hapa na namba zako tuziangalie.