Mofini nyumbani: fungia chupa, usimfungie mgonjwa

Nauguza wagonjwa wa saratani majumbani, Dar es Salaam. Nikikabidhi chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, ndugu huniuliza: "Sista, mama hatakuwa teja?" Anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, ni nadra sana kuwa mraibu. Mwili unaweza kuizoea, kwa hiyo usiikatishe ghafla bila kumwona daktari. Kipimo kikipandishwa, mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa umekua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, uleule unaodhibiti dawa za kulevya, mofini ikiwemo, unatamka kwamba tiba ya maumivu haiwezi kufanyika bila hizo.

Hatari iko kwa mtoto atakayedhani ni juisi, au kijana anayetafuta cha kulewea. Kwa hiyo iwe kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo awe nao mtu mmoja. Lakini mtu wa pili ajue ufunguo ulipo! Nimeshamkuta mgonjwa analia kwa maumivu, dawa imo chumbani humohumo, mwenye ufunguo yuko harusini. Hiyo siiti tahadhari, ni mateso.

Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Mpe saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, hata kama hajalalamika. Pima kwa bomba lisilo na sindano, kamwe si kwa kijiko. Chupa mpya ikija soma lebo upya: 5 ml ya chupa moja yaweza kuwa na miligramu 5, ya nyingine 50.

Kwenye daftari andika saa, kiasi, aliyetoa na kilichobaki. Hesabu isipolingana, tuambieni siku hiyohiyo.

Mofini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze pamoja nayo. Akisinzia hadi haamshiki, au akipumua polepole mno, usimpe tena, mkimbize hospitali.

Ikibaki, irudishe mlikoichukulia, waandike kiasi walichopokea. Usimpe jirani mwenye saratani, hata kwa huruma, maana kipimo chake ni kingine. Msindikize kliniki akaandikiwe yake.